Uzoefu wangu na Goodreads kwa vitabu vya Kiswahili: rekodi kwanza, nyota baadaye

Anayesoma riwaya za Kiingereza akifungua akaunti leo Goodreads, mtandao ambako wasomaji huorodhesha vitabu, huvipa nyota na kuviandikia mapitio, anakuta kila kitu kimepangwa. Anayesoma Kiswahili anakuta nusu ya rafu haina kitu, na nusu nyingine ina vitabu visivyo na jalada, majina ya waandishi yaliyokosewa na idadi ya kurasa iliyoandikwa sifuri. Hata hivyo naupendekeza mtandao huu kwa moyo wote. Wasomaji na waandishi wetu hukutana pale vizuri sana pindi rekodi ya kitabu, yaani ukurasa wa taarifa zake, ikishanyooshwa, na kuinyoosha ni kazi ya dakika ishirini kwa anayejua pa kushika.

Goodreads ilifunguliwa mwaka 2007 na tangu 2013 inamilikiwa na Amazon. Ni bure. Menyu ni za Kiingereza, lakini mapitio unaandika kwa lugha uitakayo.

Tuanze na kitabu kisichoonekana. Kabla ya kusema hakipo, kitafute kwa ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), kisha kwa jina la kitabu peke yake, kisha kwa jina la mwandishi. Vingi vipo, ila vimeandikwa vibaya. Kama kweli hakipo, msomaji wa kawaida hakiongezi mwenyewe. Anapeleka ombi kwenye kundi la wakutubi wa kujitolea, sehemu ya vitabu vipya. Ombi linalokamilika haraka ni lile lenye kila kitu: jina kamili la kitabu, mwandishi, ISBN, mchapishaji, mwaka wa toleo ulilonalo mkononi, idadi ya kurasa, aina ya jalada, lugha, maelezo ya nyuma ya kitabu na kiungo cha picha ya jalada. Piga picha mchana karibu na dirisha, kitabu kikiwa kimelala juu ya meza, kisha kata kingo zote ili pabaki jalada tupu. Picha yenye vidole au kitambaa cha meza huharibu ukurasa wa kitabu kwa miaka.

ISBN ndipo wengi wanapojikwaa. Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, vya baadaye 13. Tarakimu zinazofuata 978 ndizo zinazotaja nchi: 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania, 9970 ni Uganda. Kwenye ISBN ya tarakimu 10, herufi X ya mwisho ni sehemu ya namba, inasimama badala ya 10. Usiiache ukidhani ni doa la wino. Kuigeuza iwe ya 13, weka 978 mbele, ondoa tarakimu ya mwisho, kisha ikokotoe upya. Chukua namba ya kubuni 978996600001. Zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa zamu: 9, 21, 8, 27, 9, 18, 6, sufuri nne, kisha 3. Jumla ni 101. Ili ifike 110 inahitaji 9, basi 9 ndiyo tarakimu ya mwisho. Hesabu hiyohiyo hufichua makosa ya uchapaji: ukijumlisha namba ya kitabu chako na jumla isigawanyike kwa 10, ama umeinakili vibaya ama mchapishaji aliikosea. Kwa kitabu kisicho na ISBN kabisa, acha nafasi wazi na ujaze vingine kwa uangalifu zaidi. Kamwe usiazime namba ya toleo jingine.

Kosa jingine la mara kwa mara: kitabu kimechapwa upya kwa jalada jipya, ISBN ileile, na msomaji anaomba jalada la zamani lifutwe. Omba rekodi ya pili, ya toleo lenye jalada tofauti. Aliyesoma nakala ya zamani shuleni ataitambua kwa jalada lile, na huyo ndiye msomaji unayemtafuta.

Majina ya waandishi yanataka subira. Shaaban Robert unaweza kumkuta kwa tahajia zaidi ya moja, na kila tahajia inajifungulia ukurasa wake, mashabiki wake na orodha yake pungufu. Zanzibar ndiko kuna mtego mkubwa: Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed ni waandishi watatu, na wawili wa kwanza wote ni "M.S." kwenye majalada na orodha. Anayeandika kwa vifupisho anaweza kumpa mmoja riwaya ya mwenzake. Andika majina yote matatu kila mara. Na waandishi wawili wakifanana jina kabisa, wakutubi huwatenganisha kwa kuongeza nafasi kati ya jina la kwanza na la mwisho: mmoja ana nafasi moja, mwingine mbili. Kwa macho hutaona tofauti. Ukiona kitabu cha hadithi za watoto kimekaa kwenye orodha ya mtaalamu wa kilimo, hapo ndipo pa kuchunguza.

Tafsiri zina kanuni yake. Huunganishwa na kazi asilia, na mfasiri huandikwa wa pili akiwa na cheo chake. Kwa hiyo Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, inahesabiwa kuwa toleo mojawapo la tamthilia ya Shakespeare, na wastani wa nyota unaouona ni wa dunia nzima. Anayetaka kusifu au kukosoa Kiswahili cha Mwalimu achague toleo hilo hasa anapoandika, na aseme tangu sentensi ya kwanza kwamba anazungumzia tafsiri. Asipofanya hivyo, maneno yake yanazama kati ya maelfu ya Kiingereza. Kwangu hili ndilo pengo kubwa zaidi, kwa sababu kazi ya mfasiri haipati kipimo chake yenyewe.

Sasa nyota. Hakuna nusu nyota, na maana zake zimeandikwa: 1 hukukipenda, 2 kinaridhisha, 3 umekipenda, 4 umekipenda sana, 5 kimekushangaza. Wengi wetu tunasahihisha kama mtihani, tatu kati ya tano tunaiona aibu, kwa hiyo tunatoa 5 kwa kila jamaa na 1 kwa kila kilichotuudhi. Kwa kitabu chenye wapimaji wachache hilo lina uzito. Wasomaji wanne wakitoa nyota 4 kila mmoja, wastani ni 4.00, anakuja wa tano na nyota 1 kwa sababu nakala ilichelewa kufika, unaanguka hadi 3.40. Kitabu chenye wapimaji 1,000 kisingetikisika. Malalamiko ya posta na bei mpelekee muuzaji.

Mapitio yanayomsaidia mwandishi ni yale yenye mahali. Ukisema "mhusika mkuu hakunishawishi", hana cha kushika. Ukisema kwamba katika sura ya saba mama anasamehe kabla hajajua ukweli, na kwamba lahaja ya mazungumzo inahama kutoka Kimvita kwenda Kiswahili sanifu katikati ya ugomvi, mwandishi anafungua ukurasa na kuona. Taja sura kabla ya ukurasa, maana kurasa hubadilika kwa kila toleo. Kama unafichua mwisho, weka alama kwenye kisanduku cha kuficha mapitio.

Kwa mwandishi: tafuta kitabu chako, bofya jina lako, shuka hadi chini ya ukurasa, dai kwamba ni wewe, kisha subiri uthibitisho. Fahamu kwamba akaunti yako ya usomaji huunganishwa na ukurasa wa mwandishi, hivyo nyota mbili ulizompa mwandishi mwenzako miaka mitano iliyopita zitaonekana chini ya jina lako. Zipitie kabla ya kudai. Huwezi kufuta mapitio ya mtu kwa kuwa hukuyapenda, na kumjibu msomaji aliyekukosoa karibu kila mara huishia pabaya: wasomaji wengine hunyamaza, na ukimya huo ni hasara kubwa kuliko nyota moja. Zungumza kupitia maswali. Kwa muda niliotumia sehemu ya kumuuliza mwandishi, swali halikuonekana hadharani hadi lijibiwe, kwa hiyo msomaji aulize jambo moja, fupi, linalojibika kwa aya moja.

Usomaji wa pamoja ndani ya makundi ndio unaonipa raha kuliko yote. Riwaya ya sura 18 inaenda vizuri kwa wiki sita, sura tatu kwa wiki. Tangaza kitabu miezi miwili mapema, kwa sababu kinachouzwa Kariakoo huenda kisipatikane Muscat wala Toronto bila kutumwa. Fungua mada moja kwa kila sura tatu, na uandike sura hizo kwenye kichwa cha mada ili aliye nyuma asiharibiwe utamu. Ukitaja saa, sema kama ni ya Kiswahili au ya kimataifa. "Saa mbili usiku" iliyoandikwa kwa Kiingereza kuwa 2 huwaacha wa ughaibuni wakisubiri saa nane. Mwandishi mwalike wiki ya mwisho. Akiwepo tangu mwanzo watu humsifu tu, na hakuna anayethubutu kusema kwamba sura ya tano inachosha.

Zawadi za vitabu zinazoendeshwa na mtandao wenyewe, yaani nakala za bure zinazogawiwa wasomaji kwa bahati nasibu, sizipendekezi kwa mwandishi wa huku. Ada ya kuziendesha ilipoanza kutozwa Januari 2018 ilikuwa dola 119 kwa ya kawaida na 599 kwa ya juu, na zililenga wasomaji wa Marekani. Kwa fedha hiyo tuma nakala kumi kwa wasomaji wanaoandika kwa makini, bila kuwadai nyota.

Mwisho wa kila mwezi pakua orodha yako kwa faili la CSV (jedwali la maandishi) kupitia kivinjari, kwenye ukurasa wa vitabu vyako. Faili hilo linakubalika pia StoryGraph, mtandao wa Nadia Odunayo unaoruhusu hata robo nyota. Vitabu vyenye ISBN sahihi vinahamia vyenyewe; visivyo nayo utaviunganisha kwa mkono kimoja kimoja, na kwa rafu ya Kiswahili yenye vitabu 80 tenga mchana mzima wa Jumamosi.