Darasa la Biblia la Jumanne jioni, Tudor, Mombasa

Kwa wanaouliza kuhusu lile darasa la kusoma Agano Jipya pamoja na mila za Wayahudi wa enzi za Yesu: nendeni. Ada ni shilingi 1,500 kwa muhula, chai ya tangawizi imo.

Mimi nafundisha kina mama kanisani kwetu Likoni, na jioni iliyonifaa kuliko zote ni ya Mathayo 19. Mafarisayo wanamuuliza Yesu kama ni halali mtu kumwacha mkewe "kwa kila sababu". Kumbe Wayahudi wenyewe walikuwa wakibishania jambo hilo, kutokana na Kumbukumbu la Torati 24. Wafuasi wa Shamai walisema mke asiachwe ila kwa jambo la aibu; wa Hileli, mwalimu mwingine wa Torati kama Shamai, wakasema aweza kuachwa hata akiunguza chakula. Basi Yesu anatakiwa aseme yuko upande gani, na jibu lake linakaribiana na la Shamai. Ni Myahudi anayejadili Torati na Wayahudi wenzake. Nilipowasimulia kina mama, mjadala ulikwenda mpaka adhana ya magharibi. Tangu hapo sitaki tena kusikia mhubiri akimwita kila mnafiki Farisayo. Ni kuwaonea watu walioipenda Torati.

Mwalimu ni mwangalifu, na hilo nalithamini sana. Alituambia wazi kwamba mabishano hayo tunayapata katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, iliyokusanywa yapata mwaka 200, muda mrefu baada ya Warumi kulibomoa Hekalu mwaka 70, kwa hiyo si kila kilichomo tukirudishe siku za Yesu. Hati za Qumran, maandishi ya Kiyahudi ya mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, zilizoanza kupatikana 1947, ni za kale zaidi.

Mabalasi ya mawe ya Kana, pale Yesu alipogeuza maji kuwa divai, nayo alituelezea vizuri: chombo cha mawe hakikuhesabiwa kushika unajisi kama cha udongo, na wachimbaji wamevipata vingi Yerusalemu na Galilaya.

Kasoro zipo. Nakala walizotupa zimefifia, na barua ya Paulo kwa Wagalatia tuliipitia mbiombio, ilhali ndiko maswali ya tohara na Torati yanakochoma. Tunaovuka feri pia tunachelewa kufika nyumbani, wangeanza mapema kidogo.

Ukienda, beba Biblia nzima. Agano Jipya peke yake halitakutosha, maana kila jioni mnaanzia Torati, Isaya au Zaburi.