Luger P08 kwa mkusanyaji: namba zinazosema na namba zinazodanganya

Anayeanza kukusanya bastola za zamani za nusu-otomatiki asikimbilie Luger ya jeshi la majini, wala ile ya kikosi cha mizinga yenye mtutu wa milimita 200. Aanze na P08 ya kawaida, yaani Luger ya jeshi la nchi kavu la Ujerumani, ya mtutu wa karibu milimita 100. Ni bastola iliyopigwa namba hadi kwenye vipande vidogo kabisa, kwa hiyo inafundisha haraka tofauti kati ya iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani na iliyoungwaungwa kutoka silaha tatu.

Georg Luger aliiunda kutokana na bastola ya Hugo Borchardt. Uswisi iliipokea mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani 1904, na jeshi la nchi kavu 1908, kwa risasi ya milimita 9. Nyingi utakazokutana nazo ni za kampuni ya silaha ya DWM ya Berlin, za kiwanda cha serikali cha Erfurt, au za Mauser, iliyorithi kazi ya DWM mwaka 1930. Jina au alama ya mtengenezaji iko juu ya goti, yaani kile kiungo kinachojikunja mgongoni mwa bastola. Mwaka uko juu ya chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa.

Usikague kitu kabla ya kuhakikisha haina risasi. Chomoa magazini, vuta goti, tazama ndani ya chemba na uingize kidole. Kwenye bastola nyingi neno GELADEN likionekana ubavuni mwa kichomoa ganda, ndani kuna risasi, lakini neno kutoonekana si uthibitisho kwamba chemba ni tupu. Kwenye Luger jambo hili ni zito kuliko kawaida: mtutu ukishatolewa kwenye fremu, ule wenzo wa kuachia ulioko ubavuni hubaki upande wa mtutu, na ukibonyezwa huku chemba ina risasi na pini ya kugonga imekokiwa, bastola inalia bila triga wala fremu.

Kuifungua ni rahisi. Sukuma mtutu nyuma kidogo, zungusha wenzo wa kufungulia robo mzunguko kwenda chini, toa bamba la ubavuni, kisha telezesha sehemu yote ya juu mbele. Sasa lete lenzi na taa kali.

Namba kamili huwa mbele ya fremu, chini ya mtutu, na ubavuni mwa kasha linaloshika mtutu. Vipande vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho: triga, bamba la ubavuni, wenzo wa kufungulia, wenzo wa usalama, vipande vya goti, kichomoa ganda, pini ya kugonga, hata vibao vya mpini kwa ndani. Kwenye silaha zilizouzwa kwa raia, namba nyingi zilifichwa pembeni au chini ya kipande, kwa hiyo usiikatae bastola kwa sababu tu bamba la ubavuni halina namba usoni.

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Tarakimu mbili zina uwezekano 100 tu. Mwenye sanduku la vipuri vya zamani akikosa triga yenye 47, atachakura mpaka aipate, kisha bastola inauzwa kama yenye namba zote sawa. Kwa hiyo kulingana kwa namba ni mwanzo tu wa ukaguzi. Linganisha umbo la tarakimu: mkunjo wa 4, mkia wa 7, kina cha pigo. Linganisha uchakavu pia. Triga yenye rangi nzima kwenye fremu iliyochubuka kingo zote ina maelezo ya kutoa. Ukiona chini ya namba uso umezama kidogo au una mikwaruzo ya tupa, namba ya zamani ilifutwa hapo.

Mtutu una ushahidi wake. Chini, mtutu unapokutana na kasha, kuna mstari mmoja uliopigwa kwa pigo moja ukavuka vyote viwili. Ukikatika, ukipishana au ukiwa miwili, mtutu uliwahi kutolewa. Karibu na namba huwa kuna kipimo cha ndani ya mtutu, kama 8,82 au 8,83. Mtutu usio na namba wala kipimo kwenye silaha ya jeshi ni wa kubadilishwa, na bei ishuke hapo hapo.

Rangi ndiyo inayochukua muda mrefu kujifunza. Hadi karibu 1937 vipande vikubwa vilipata weusi wa bluu kwa njia ya kutu ya kudhibitiwa, na triga, wenzo wa usalama na vingine vichache vilichomwa hadi rangi ya majani makavu. Baadaye Mauser ilihamia kwenye kuchemsha kwa chumvi, na bastola nzima ikawa ya weusi mmoja. DWM ya 1916 yenye triga nyeusi imepakwa upya au imebadilishwa triga, hata iwe inang'aa kama kioo. Tazama pia mdomo wa mtutu: kwenye rangi ya zamani uliachwa chuma kitupu. Kingo zilizolainika, mihuri iliyofifia huku uso ukiwa safi, na vishimo vya kutu vilivyo chini ya weusi, vyote vinasema mashine ya kung'arisha ilipita. Kwa mkusanyaji, kupakwa upya hukata mara nyingi nusu ya thamani. Heri iliyochakaa kwa uaminifu.

Magazini yenye namba ya bastola yenyewe huongeza bei sana, kwa kuwa ndiyo iliyopotea kwanza. Za zamani zina kitako cha mbao, za baadaye cha alumini au plastiki. Kibao cha kushoto cha mpini kikague kwenye pembe ya juu nyuma, karibu na wenzo wa usalama. Hapo humeguka wakati wa kufungua kwa pupa, na vipande vilivyogundishwa huonekana kwa ndani.

Alama ya X ubavuni, pamoja na weusi mzito juu ya kila kipande na namba zilizochorwa kwa kalamu ya umeme, huashiria silaha iliyotekwa na kukarabatiwa na Wasovieti. Hiyo ni historia halisi na si kasoro, mradi isiuzwe kwa bei ya isiyoguswa. Tarehe mbili, mfano 1917 na 1920, pia ni halali: 1920 ni mhuri wa mali ya jeshi baada ya vita.

Yenye namba zote sawa usiifyatue. Kichomoa ganda kikivunjika, namba imevunjika nacho, na kipya hakirudishi thamani. Wala usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi, hata ukiwa wa asili na wenye mhuri: ngozi hushika unyevu, na kutu huanzia ubavu unaoigusa. Ipake mafuta mepesi, iweke kando ya mfuko, na uifute kila baada ya kushikwa na mikono mitupu.