Ruzuku ya TASAF: mkononi au kwenye simu?

Kila dirisha (awamu) la malipo ya TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaozipa kaya maskini ruzuku, likifunguliwa, mabishano yanarudi Mbagala na Tandale, Dar es Salaam: walengwa walipwe taslimu mezani au kwa simu?

Kwa gharama, simu inaipunguzia serikali magari, ulinzi na posho za wasimamizi. Kwa mlengwa, makato ya kutoa fedha yasipofidiwa yanauma, maana ruzuku yenyewe ni ndogo. Mezani anapokea zote, ila muuza vitumbua anapoteza siku ya biashara kwenye foleni.

Uhakika ndipo penye mzizi. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Jina likipishana na la kwenye orodha, malipo yanaweza kukwama. Bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu namba ya siri, na hapo hakuna shahidi. Mezani majirani wanaona, lakini mgonjwa wa kitandani hafiki.

Laini ikipotea, usumbufu ni wako. Meza haina hilo.

Unasoma meseji mwenyewe na wakala yuko jirani? Chagua simu. Mzee anayeishi peke yake, bila simu yake, alipwe mkononi, tena afuatwe nyumbani kwake.