Kuinua gari nyumbani Mombasa: nunua stendi kabla ya jeki

Kama una pesa za kununua kitu kimoja tu cha kuinulia gari, nunua jozi ya stendi, yaani miguu ya chuma ya kulibeba gari likishainuliwa. Najua dukani kila mtu huulizia jeki, na stendi haiinui chochote. Lakini gari lako lina jeki yake ndogo ndani ya buti, na hiyo, pamoja na udhaifu wake, inaweza kulipandisha gari mpaka stendi ikaingia. Kitu ambacho halikuja nacho ni chuma cha kulishikilia wewe ukiwa chini yake.

Namwandikia mtu wa hapa Mombasa mwenye Probox, Fielder, Demio, Note au Forester, anayetaka kubadilisha oili, brekipedi au shokomzoba mwenyewe uani kwake. Labda gharama za gereji zimemchosha, labda anapenda tu kujua gari lake limefanywa nini. Inawezekana kabisa, na ina raha yake. Sharti ni moja na halilegezwi: usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati iliyobingirika.

Tuyaondoe mawe kwanza

Pita Kisauni, Mtopanga au Mikindani siku ya mapumziko, hukosi kuliona gari lililoegemezwa juu ya mawe ya kujengea. Jiwe la matumbawe hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta hutandazwa juu ya uso wake wote. Chini ya gari dogo, kona moja yenye kilo 300 hivi hukaa juu ya ukingo wa bati mwembamba. Litazame jiwe lililokwisha kutumika hivyo: utaona mfereji umechimbika juu yake na unga mweupe umemwagika pembeni. Kila chembe ya unga huo ni gari lilivyokuwa likishuka huku mtu yuko chini. Bloku ya saruji yenye matundu ni hatari zaidi, maana haitoi dalili. Hupasuka kwa ghafla. Boriti za mkoko nazo ni za mviringo na hubingirika. Kama huna budi, mbao ngumu na pana zilizopangwa kwa kukatizana hushika vizuri, lakini jiwe na bloku visikaribie kazi hii.

Nafasi ya kwanza: stendi mbili na jeki ya troli

Hii ndiyo seti ninayompendekezea karibu kila mtu. Jeki ya troli, ile ndefu yenye magurudumu na mkono mrefu, huinua, stendi hushikilia. Kazi hizi mbili hazibadilishani.

Tuanze na stendi. Zipo aina mbili. Ya kwanza ina meno na kitasa: unavuta nguzo juu, kitasa kinaingia kwenye jino. Ya pili ina matundu na pini nene unayoipitisha mwenyewe. Ya meno ni ya haraka, na ndiyo iliyojaa madukani. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua ya pini, kwa sababu naiona kwa macho kwamba imepita upande wa pili. Na si hofu ya bure. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliita zirudishwe stendi zaidi ya milioni moja za tani 3 na tani 6, kwa kuwa mitambo ya kiwandani ilikuwa imechakaa na kitasa hakikuwa kikiingia vya kutosha kwenye meno. Gari likitikisika, stendi ingeweza kushuka. Katika mwaka huohuo baadhi ya zile zilizotolewa badala yake nazo zikarudishwa kwa kasoro ya kulehemu. Zipo stendi za meno ambazo ni nzuri sana, zile zenye pini ya akiba ya kupitisha baada ya meno kushika. Ukizipata hizo kwa bei unayoimudu, zichukue.

Ukiwa dukani ikamate stendi mkononi. Ivute mpaka juu, uitikise. Nguzo isiyumbe ndani ya miguu yake. Hakikisha kitasa kimekaa hadi ndani ya jino na hakijaishia kwenye ncha. Fuata mshono wa kulehemu kwa kidole kuzunguka kila mguu: uwe umekamilika, usiwe na vidonge vilivyorukaruka wala mahali palipoachwa wazi. Kisha muulize mwenye duka, "Mzee wangu, hizi tani tatu ni za stendi moja au za jozi?" Akikujibu, "Mwanangu, zote ni sawa," geuza stendi usome bamba mwenyewe, kwa sababu viwanda vingine huandika uzito wa jozi na vingine wa kila moja. Stendi isiyo na bamba wala maandishi yoyote irudishe mezani, hata ikiwa nzito kiasi gani.

Kwa Vitz, Demio, Probox na Fielder, jozi ya tani 2 inatosha, ingawa ya tani 3 ina miguu mipana na kwa kawaida tofauti ya bei haiumizi. Kwa Forester, X-Trail na Noah anzia tani 3. Mwenye Prado au Hilux hahitaji nguvu peke yake, anahitaji na urefu. Stendi fupi haitafika kwenye chesi, kwa hiyo aangalie za tani 6.

Jeki ya troli ina mtego ambao wengi huutambua wakishalipa. Jeki ndogo za tani 2, zile zinazouzwa ndani ya kisanduku cha plastiki, huinua hadi sentimita 33 hivi. Stendi nyingi za tani 3 zikiwa chini kabisa zina sentimita 28 au zaidi. Toa nafasi ya bati kulala, toa na ardhi kubonyea, na hapo unabaki unasukuma mkono wa jeki huku stendi imekataa kuingia. Beba futi ya kupimia. Kimo cha juu cha jeki kipite kimo cha chini cha stendi kwa sentimita 10 angalau. Jeki za tani 2.5 au 3 zinazofika sentimita 45 hadi 50 ndizo zinazofanya kazi bila kukusumbua. Kimo cha chini nacho kipime: gari lililoshushwa, au lenye pancha, huenda lisiipokee jeki inayoanzia sentimita 14.

Mtego wa pili ni mahali pa kushika. Ukiweka jeki kwenye pointi ya ubavuni, ule ukingo uliokunjwa chini ya milango wenye alama mbili, stendi nayo inapataka palepale. Dawa yake ni kuinua kutoka katikati, kwenye krosimemba ya mbele (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini) au pointi ambayo kitabu cha gari kimeionyesha nyuma, halafu stendi zikae kwenye pointi za ubavuni kulia na kushoto. Ndiyo sababu jeki yenye mwili mrefu ni bora kuliko fupi. Fupi haiifikii krosimemba bila mkono wake kugonga bampa. Usiinulie sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wala gia boksi. Na nunua kile kipande cha mpira chenye mfereji katikati. Hukaa juu ya kichwa cha jeki na kuzuia ukingo wa bati usipindike.

Ijaribu kabla ya kutoa pesa. Funga valvu, pampu hadi juu, ikanyage kwa uzito wako wote, ngoja dakika chache. Isizame. Pangusa pistoni kwa kitambaa cheupe uone kama kuna mafuta. Kisha legeza valvu polepole: jeki nzuri hushuka kwa kutii mkono wako.

Nafasi ya pili: rampu

Kwa mtu ambaye kazi yake ni oili na filta tu, rampu, vile vijukwaa viwili vya mteremko, inaweza hata kuipita seti ya kwanza. Unaipanda kwa kuendesha, gari linakaa juu ya matairi yake, huna haja ya kutafuta pointi. Sehemu ya mbele ikiinuka na nati ya kumwagia oili ikiwa upande wa nyuma wa sampu, oili hutoka hadi tone la mwisho. Ubaya wake ni kwamba huwezi kufungua gurudumu, kwa hiyo brekipedi na shokomzoba hazifanyiki. Kazi zinazotaka gari likae sawa, kama kupima kiwango cha oili ya gia boksi, pia haziwezekani.

Rampu za chuma huteleza juu ya kabro na juu ya sakafu laini. Fungia kipande cha mkeka wa mpira kwenye mdomo wa rampu, kirefu kiasi cha kulala chini ya gurudumu kabla halijaanza kupanda. Uzito wa gari wenyewe ndio utakaoishika rampu. Fielder na magari mengine yenye bampa ndefu hugusa mwanzo wa rampu, basi tanguliza ubao. Na usipande peke yako. Mwite jirani au kijana wa nyumbani asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele, akuelekeze. Ukiagiza za kulehemu kwa fundi wa jua kali, dai ukingo wa kuzuia tairi mwishoni na mihimili ya kukatiza chini. Rampu mbili zisizolingana kimo usizipokee.

Nafasi ya tatu: jeki ya chupa

Ni ya Hilux, Hiace na Land Cruiser, zenye ekseli au chesi ya kushika. Ni nafuu, ina nguvu, inadumu. Chini ya gari dogo haiingii vizuri, kwa kuwa huanzia karibu sentimita 20, na kichwa chake chembamba huteleza kwenye ukingo wa bati. Kitako chake nacho ni kidogo, hivyo hutaka ubao mpana chini. Stendi bado ni lazima.

Vilivyobaki, kwa ufupi

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari ni ya pancha. Ifanye kazi hiyo, au ipandishe gari stendi iingie kama bado huna jeki ya troli, na iishie hapo.

Lifti ndogo za haidroli zinazotumia umeme, aina ya QuickJack, ni nzuri mno: huinua gari zima karibu nusu mita na zina kufuli ya chuma. Zinataka saruji iliyo sawa na mfuko mzito. Ukiagiza Marekani, hakikisha mota si ya volti 110, maana umeme wetu ni 240.

Jeki ndefu ya shambani ni ya kunasua gari porini. Mkono wake unaweza kuruka na kuvunja taya. Uani hauna kazi nayo.

Shimo la kuchimba silipendekezi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama humo, na masika ya Aprili na Mei hulijaza maji.

Ardhi ya kwetu

Bamburi, Shanzu na Mtwapa uwanja mwingi ni mchanga. Jeki ya troli lazima isogee kidogo inapoinua, kwa sababu kichwa chake husafiri kwa mzunguko; magurudumu yakizama, jeki hulivuta gari upande au kichwa huteleza. Tandika plaiwudi ya milimita 18 au zaidi, kubwa kiasi cha kuibeba jeki yote na kuiachia nafasi ya kusogea, na kipande chini ya kila stendi. Kabro inaonekana imara, lakini imelazwa juu ya mchanga, na mguu wa stendi ukikaa juu ya tofali moja unaweza kulizamisha. Lami iliyopigwa na jua la mchana nayo hulainika. Hii plaiwudi ihesabu ndani ya bajeti yako, pamoja na kabari za magurudumu.

Kabari hazina mbadala, na sababu yake wengi huipita. Magari mengi madogo tunayotumia huendeshwa na magurudumu ya mbele, na breki ya mkono hushika ya nyuma. Ukiinua nyuma, breki ya mkono imeshika magurudumu yaliyo hewani, haizuii kitu. Ukiinua gurudumu moja la mbele, gia ya P, ile ya kuegesha, nayo haina nguvu, kwa sababu difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, huliachia la hewani lizunguke na mwenzake wa chini azunguke kinyume. Kwa hiyo kabari ziwekwe daima kwenye magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma ya tairi. Penye mteremko, kama sehemu nyingi za Mikindani, tafuta mahali pengine. Nati za magurudumu zilegeze kidogo kabla ya kuinua. Stendi zikishika, shusha gari likae juu yake, lisukume kwa nguvu ubavuni, kisha telezesha gurudumu ulilofungua chini ya bodi likae kama akiba.

Chumvi

Upepo wa bahari hula pistoni ya jeki. Vidoti vya kutu, vidogo kama kichwa cha sindano, vikishatokea juu ya chuma king'aacho, kila ukipampu vinakwaruza sili, na jeki huanza kuzama yenyewe. Iweke ikiwa imeshushwa ili pistoni ijifiche ndani, ipanguse kwa kitambaa chenye oili, ihifadhi mbali na sakafu yenye unyevu. Ikipungukiwa, ongeza mafuta ya jeki. Mafuta ya breki huiharibu sili. Meno ya stendi yasugue kwa brashi ya waya, kitasa kidondoshee oili.

Bati la gari nalo likague. Magari yaliyokaa pwani miaka mingi huoza pointi za jeki kutokea ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti ya kufa na kudondosha maganda. Hapo nenda kwa fundi wa bodi kwanza.

Ukinunua jeki ya mtumba, usilipe kabla hujaiona imebeba gari kwa dakika kumi bila kushuka. Stendi za mtumba zilizopindika mguu, au zilizolehemewa mara ya pili, usinunue kwa bei yoyote.