Nyumba ya zamani Dar es Salaam: ukarabati upi unarudisha fedha yake?

Mwenye nyumba iliyojengwa miaka ya 1980 huko Sinza, Tabata au Kimara hufikiwa na siku ya kujiuliza kama aikarabati, aiuze ilivyo, au aibomoe ajenge upya. Jibu haliko kwa fundi bali kwenye karatasi za kiwanja. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara au kwenye mkondo wa maji haistahili kuongezewa hata kipande kimoja cha marumaru, na walioshuhudia bomoabomoa ya 2017 kando ya Barabara ya Morogoro hawahitaji kuelezwa sababu. Kiwanja kikiwa salama, ndipo kazi zenyewe zipangwe kwa uzito wake.

Ya kwanza, tena bila mshindani, ni paa. Bati mara nyingi huanza kuoza kwenye matundu ya misumari, na upepo wa chumvi huharakisha uozo huo kwa nyumba za Msasani na Kigamboni. Paa likivuja masika moja tu huharibu dari, plasta na nyaya za umeme kwa pamoja, kwa hiyo anayeliahirisha hulipia kazi nne badala ya moja. Dukani, uliza geji kabla ya kuuliza rangi: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 30, na muuzaji anayekataa bati lake lipimwe mbele yako amekwisha kukujibu. Kenchi nazo zikaguliwe mapema, kwa kuwa bati jipya juu ya mbao zilizoliwa na mchwa halina maana yoyote.

Ya pili ni maji na choo, hasa kwa anayepangisha. Chumba chenye choo ndani hupata kodi kubwa kuliko kile ambacho mpangaji wake hupanga foleni uani, na simtank iliyo juu ya mnara humfanya mpangaji asahau kwamba kuna mgawo wa maji. Hata hivyo, piga hesabu kwanza: ukitumia shilingi 6,000,000 na kodi ikapanda kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, fedha yako itarudi baada ya miezi 60, yaani miaka mitano, bila kuhesabu miezi ambayo chumba kitakaa wazi. Ukikuta shimo la maji taka hujaa kila mvua zinaponyesha, anza nalo kabla ya kununua sinki.

Nyaya za umeme naziweka nafasi ya tatu. Zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio leo zinabebeshwa friji, pasi na kiyoyozi. Mnunuzi hazioni, lakini kuzibadilisha wakati kuta zinachimbwa kwa ajili ya mabomba ni nafuu kuliko kurudi kuzichimba upya.

Madirisha ya aluminiamu, ambayo majirani wengi wangeyapa nafasi ya kwanza, mimi nayapa ya nne. Yale ya kuteleza hufunguka nusu tu, na katika joto la Januari nusu hiyo iliyofungwa hulipiwa kwenye LUKU.

Mwisho kabisa ni dari ya jipsamu, pevingi na geti la kifahari. Jipsamu haivumilii maji, na rangi mpya juu ya ukuta unaotoa chumvi hubanduka upesi kwa sababu unyevu unapanda kutoka kwenye msingi.

Kodi ya majengo isikutishe: tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU kwa kiwango maalumu, kwa hiyo kubadilisha paa hakuiongezi. Kuongeza ghorofa ni jambo jingine, na kunahitaji kibali cha halmashauri.

Anayekusudia kuuza karibuni afanye machache kuliko haya. Katika maeneo kama Sinza na Mikocheni, mnunuzi mara nyingi analipia kiwanja ili ajenge ghorofa za kupangisha, na marumaru ulizoweka mwezi uliopita zitaondoka na kifusi.