Kabla ya kubadilisha kopo la maziwa ya mtoto: kipi cha kununua kwanza Lamu

Mtoto mchanga akilia usiku huku akikunja miguu, nyumba nzima husema ni mchango, na kukipambazuka mtu hutumwa duka la dawa alete kopo jingine. Mara nyingi kopo halina kosa. Tumevipanga vitu vya kununua kwa kinachostahili pesa zako mwanzo. Anayenyonya kwa mama asiachishwe. Hakuna kopo lililo laini kwa tumbo kuliko ziwa.

Nafasi ya kwanza ni maji na chuchu ya chupa. Visima vingi vya mji wa Lamu vina maji ya chumvichumvi. Ya Shela, kijiji jirani, yanayohifadhiwa na vilima vya mchanga, ni afadhali. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Maji yakizidi kuchemka na kupungua, chumvi ndiyo inayobaki, na figo za kichanga haziiwezi. Ukinunua ya chupa, soma karatasi: sodiamu iwe chini ya miligramu 200 kwa lita, salfeti chini ya 250, kisha uyachemshe vilevile. Yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, ili yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi, kwani unga wenyewe huweza kuwa na vijidudu. Tanguliza maji, ndipo unga. Kijiko ni kile cha kopo hilohilo, kilichosawazishwa kwa kisu bila kushindiliwa. Unga ukizidi, choo huwa kigumu. Ukipungua, mtoto hulia njaa, nawe ukadhani ni tumbo. Poza chupa kwenye bakuli la maji baridi na ujaribu tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono kabla ya kumpa. Yakipita saa mbili tangu kutengenezwa, mwaga.

Chuchu nayo: pindua chupa. Maziwa yadondoke tone moja moja, kama tone kwa sekunde. Yakitiririka, mtoto hugugumia pamoja na hewa, na hiyo ndiyo gesi unayoisikia tumboni. Mkalishe nusu wima, mbeulishe katikati na mwisho.

La pili ni kopo la kawaida la maziwa ya unga ya watoto yaliyotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, namba 1 (ya tangu kuzaliwa), la kampuni yoyote. Usibadilishe kila siku tatu, hutajua kilichofaa. Kwa unyevu wa pwani, funika kopo mara moja, usitie kijiko chenye maji, na ulimalize ndani ya wiki nne. Duka likikusifia jina fulani, kumbuka sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kuyatangaza maziwa haya.

La tatu ndilo dawa hasa kwa mtoto ambaye mwili wake unaikataa protini ya maziwa ya ng'ombe: yale ambayo protini yake imevunjwavunjwa kabisa. Hustahili pale choo kinapokuwa na nyuzi za damu, ngozi inapotoka ukurutu, au matapishi na kuhara visipokoma, na daktari awe ameona. Yananuka, yana uchungu, na choo huwa cha kijani, usishtuke. Mpe wiki mbili hadi nne. Akipata nafuu, daktari humrudishia ya kawaida kidogo kuhakikisha. Ulizia mapema kama duka lako litaagiza Mombasa, kopo ulilonalo lisije likaisha wakati jingine liko njiani. Asipopata nafuu, yapo ya asidi za amino (vipande vidogo kabisa vya protini), ghali zaidi, kwa agizo la daktari tu.

Maziwa yaliyofanywa mazito ni ya anayecheua mno na kukosa kuongeza kilo. Anayecheua huku akinenepa hahitaji kitu ila kitambaa. Yasiyo na laktosi (sukari ya maziwa) yana kazi ya muda, baada ya kuhara kukali. Kichanga aliyezaliwa akiikataa laktosi ni nadra mno. Soya si kabla ya miezi 6.

Mkiani kabisa: maziwa ya mbuzi, maana protini yake yafanana mno na ya ng'ombe, maziwa mabichi ya ng'ombe, maji ya kutuliza tumbo, ambayo ushahidi wake ni mdogo, na asali, isiyofaa kabla ya mwaka.

Akitapika kijani, tumbo likiwa gumu, joto likifika nyuzi 38, nepi zikikauka, au akikataa kunyonya, acha kopo ushike njia ya hospitali. Kwa walio visiwani, boti itafutwe sasa hivi, si baada ya kusubiri maji kujaa.