TAHADHARI: Kuna tapeli Dar anauza vipoza maji vya prosesa za kompyuta vilivyokufa kama vipya

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Yule jamaa wa vipoza maji vya milimita 360 (vile ambavyo pampu inakaa juu ya prosesa na kusukuma maji kwenye mipira miwili hadi kwenye rejeta yenye feni tatu), anayebandika picha za mashine zenye taa za rangi na kusema mzigo umeingia kutoka Dubai, ni tapeli. Wengi wenu mnamfuata huko mtandaoni. Kipoza kilinunuliwa kwake kwa ajili ya mashine ya kurenda video, yenye prosesa ya Intel i7-12700K. Nataka muone alivyofanya mbele ya macho ya watu, maana ndivyo atakavyowafanyia na nyie.

Dukani alikifunga kipoza kwenye mashine yake ya majaribio, akawasha, akaingia bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Taa za pampu zikawaka. Feni zote tatu zikazunguka. Kwenye skrini prosesa ilisoma nyuzi 41, na chini yake mstari wa CPU FAN ukaonyesha 1,480 RPM, yaani mizunguko kwa dakika. Akaweka kidole juu ya namba hiyo: "Pampu hii hapa kaka, inasukuma." Akakaa kama dakika mbili hivi, joto likafika 44, akazima na kuanza kufungasha. Shilingi 380,000 ikaingia kwenye lipa namba yake. Risiti ya EFD? Mashine ya risiti haina mtandao leo, ataituma WhatsApp. Hajatuma mpaka sasa.

Nani asingeamini? Kifaa kimewashwa, namba zinasomeka, boksi lina nailoni yake. Uovu wa huyu mtu uko hapo hapo, kwamba anakuonyesha namba za kweli halafu anazipa majina ya uongo. Ile 1,480 ni mzunguko wa feni. Waya wa feni ya rejeta aliuchomeka kwenye CPU_FAN, na waya wa pampu akaupeleka kwenye soketi nyingine ambayo hakuifungulia ukurasa wake. Pampu nyingi za vipoza vya aina hii, zikipewa volti 12 kamili, huzunguka kuanzia 2,000 hadi 3,000 RPM. Taa nazo zina njia yao ya umeme, zinawaka hata pampu ikiwa imekufa kabisa.

Na zile dakika mbili alizipima. Prosesa iliyokaa bayosi haina kazi nzito, inakula umeme kidogo. Shaba ya kipoza na maji yaliyo juu yake hulimeza joto hilo kwa muda kabla namba haijapanda. Angeiacha ikae robo saa, kila mtu angeona. Ndiyo maana alizima haraka.

Kipoza kilipofungwa kwenye mashine yenyewe ya kurenda, ukweli ulijitokeza mara moja. Windows ikiwa imetulia, HWiNFO, programu ya kusoma joto, inasoma nyuzi 74. Ukiwasha Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, inagonga 100, kikomo cha prosesa hiyo, na kasi inaporomoka chini ya 2 GHz ili isijiunguze. i7-12700K inaweza kuvuta hadi wati 190 ikiwa na mzigo, na hakuna pampu iliyosimama itakayobeba joto hilo. Ushahidi ulikuwa kwenye ile mipira ya maji: mmoja unachoma mkono karibu na pampu, wa pili wa baridi, rejeta yote baridi, na feni tatu zinaipulizia hewa bure. Kipoza kizima kikiwa na mzigo, mipira yote miwili huwa na joto linalokaribiana, maana maji yanazunguka haraka kiasi kwamba tofauti ni nyuzi chache tu.

Alipopigiwa simu akasema fundi kafunga vibaya. Halafu akasema prosesa za Intel ni za moto. Halafu akablock.

Kipoza kilipofunguliwa, shaba ya ndani, yenye vijifereji vyembamba chini ya nusu milimita, ilikuwa imezibwa na uji mweupe wenye rangi ya kijani pembeni. Panga la pampu limenasa. Maji yananuka. Skrubu ya kujazia, inayofichwa chini ya stika, ina mikwaruzo ya bisibisi, na stika juu yake ni mpya. Yaani ni mtumba uliokauka, ukajazwa maji ya bomba au ya kisima, ukafutwa vumbi, ukarudishwa kwenye boksi. Shaba iko kwenye pampu, rejeta ni ya alumini, na maji ya chumvi yakikutana na metali hizo mbili, alumini inaliwa. Unga wake ndio ule uji mweupe. Kulanti ya kiwandani, yaani maji maalumu ya kupozea, ina glaikoli na dawa ya kuzuia kutu kwa sababu hiyo hiyo. Anayejaza maji ya bomba anajua kitakufa, kama hakijafa tayari, na muda huo unamtosha kukublock.

Kwenye hilo boksi aliweka pia vishikizo vya soketi za prosesa za zamani. Mashimo ya soketi hizo, LGA1200 na 115x, yako milimita 75 kati ya moja na jingine, ya LGA1700, soketi ya i7-12700K, ni 78, na prosesa yenyewe imekaa chini zaidi. Ukilazimisha, shaba haikandamizi vizuri hata pampu ikiwa nzima. Kwa hiyo hata utetezi wake wa "mmefunga vibaya" aliuandaa mapema, ndani ya boksi!

Kama mashine yako inachemka sasa hivi na hujui kosa ni la nani, angalia joto linavyopanda. Likiruka kutoka 45 hadi 100 ndani ya sekunde chache na kushuka papo hapo mzigo ukiisha, tatizo ni mgusano: nailoni haikutolewa kwenye shaba, pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na shaba imekauka, au skrubu zimekazwa upande mmoja. Safisha kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, weka pesti kiasi cha punje ya njegere, kwa LGA1700 ivute iwe mstari kidogo, kisha kaza kwa msalaba, nusu mzunguko kila skrubu. Likipanda polepole kwa dakika kumi na zaidi halafu likagoma kushuka, tazama rejeta: vumbi, feni zimegeuzwa, au chumba chenyewe kina nyuzi 32, na maji hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumba. Ukisikia maji yanabwabwaja kwenye pampu, hewa imepanda huko, hivyo hakikisha sehemu ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu. Mashine ikiwa imetulia tu na bado inasoma 70 na kitu, mpira mmoja wa moto na mwingine wa baridi, usihangaike na pesti, pampu hiyo imekwisha.

Dalili za mzigo wa huyu tapeli ni kwamba shaba haina pesti ya kiwandani na atakwambia toleo hili haliji nayo, namba ya boksi haifanani na iliyo kwenye pampu, mapezi ya rejeta yamepinda, na rangi imechubuka kwenye matundu ya skrubu. Ukikitikisa unasikia maji yakicheza. Mwambie aonyeshe RPM ya pampu peke yake kwenye bayosi, feni zote zikiwa zimechomolewa, halafu azichomeke tena na kuwasha mzigo kwa dakika 10. Akikataa, ondoka. Mtumba wa kipoza hewa nunua, hauna pampu ya kufa. Mtumba wa kipoza maji, hapana.

Huyu mtu afungiwe akaunti na afikishwe mahakamani. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, na anayefanya hivyo kwa makusudi, akijua prosesa ya mtu ndiyo inayomlisha, hastahili kuachwa kwa kurudisha hela kimyakimya. Mliokwisha kununua msikifungue wala kukijaza maji upya. Pigeni picha ya stika, namba na mipira, hifadhini ujumbe wa muamala na mazungumzo yote kabla hajayafuta, mkachukue RB polisi, na malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, FCC. Mwenye namba zake nyingine anitumie inbox, tunaunganisha malalamiko yawe faili moja.